Kashe ya Shule ya Kabanda

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu vya kazi, Nyirabeza aliinama chini ya kitanda akavuta kopo la maziwa ya unga, akalifungua, akatoa kashe. Ulikuwa muhuri mdogo wa mpira, wenye mpini wa mti ulioshikwa mpaka ukang'aa. Aliusogeza karibu na mdomo akauhemea, haa, kama makarani wa kwao wanavyofanya wino ukikauka, halafu akaugandamiza kwenye kiganja cha mkono wa kushoto. Alipouinua, maandishi ya zambarau yalibaki pale, hafifu lakini yanasomeka: Shule ya Msingi Kabanda, na chini yake namba ya serikali. Hapo ndipo alipojua siku imeanza.

Halafu alitoka, akangoja basi pamoja na watu wa mtaa wa Lower West Side ambao hawakumjua, akaenda kulisha wazee wa mji wa Buffalo, Amerika, uji kwa kijiko. Kufika saa nne, sabuni na glavu zilikuwa zimekwisha kula maandishi yote. Mwenzake mmoja wa kazi, msichana wa Kipuerto Riko, aliwahi kuyaona kabla hayajafutika. Huku, ukiingia kwenye nyumba ya dansi, mlinzi anakupiga muhuri mkononi. Akacheka, akamwuliza, "Mama, jana ulikuwa disko?"

"Nilicheza mpaka asubuhi," Nyirabeza akajibu.

Jibu hilo lilipendwa, na likawa ndilo mazungumzo yao ya kila siku. Hakukuwa na mengine. Jina lake lilikuwa refu kwa wenzake wa kazi, walilikata wakabakiza Miss Beza.

Kwao, juu milimani Kivu ya Kusini, aliitwa Directrice. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa shule ya Kabanda tangu ilipokuwa chini ya hema. Siku ya kukimbia, watu walibeba masufuria, wengine godoro, yeye akafunga kashe ndani ya kitambaa cha kichwa. Walimcheka njia nzima. Lakini vita vilipotulia kidogo na waliorudi wakafungua tena madarasa, ofisi ya serikali iliuliza kitu kimoja tu: kashe yenye namba iko wapi? Kumbe ilikuwa kambini Burundi, na baadaye ikawa Buffalo, ndani ya kopo la maziwa. Kuirudisha ilikuwa hatari, barabara zina watu wenye bunduki. Basi komite ya wasimamizi, watu saba wa Kabanda waliotawanyika Louisville, Columbus na Buffalo, ikaamua ibaki kwake. Kila karatasi ya shule yenye uzito ilikuja Amerika na msafiri, ikapigwa kashe, ikarudi.

Watu wa Kabanda Buffalo alikuwa yeye peke yake. Mume alimzika kambini, mtoto hakujaliwa. Simu yake ikilia, ni komite. Usiku wa Jumapili walipofanya kikao kwa simu, alivaa gauni zuri ingawa hawamwoni.

Novemba, Rugaba, prezida wa komite, aliita kikao cha uso kwa uso. Rugaba alikaa Newburg, Louisville, alipakia maboksi ghalani, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kusimama mbele ya kanisa. Binti yake, Kirezi, ndiye aliyekuwa mwandishi wa komite. Alikuja Amerika na miaka minne, akasoma huko mpaka chuo, na barua zote za Kifaransa ni yeye aliyezitafsiri, kwa msaada wa simu. Safari hii barua aliyotafsiri ilikuwa na habari kubwa: koleji ya mjini, kule chini ziwani, inaiomba shule ya Kabanda iungane nayo.

Nyirabeza alipanda basi Ijumaa. Njiani, mahali fulani baada ya Cleveland, alifungua ujumbe wa sauti kutoka kwa Kanyana, mwalimu wa darasa la kwanza Kabanda. Aliusikiliza mara tatu. Sauti ilisema mambo ambayo hayakufanana na tafsiri ya Kirezi hata kidogo.

Kikao kilikuwa Reynoldsburg, nje kidogo ya Columbus, Jumamosi saa nne ya asubuhi, katika chumba cha chini cha kanisa ambalo Wakongomani hulikodi kwa Wamarekani. Zihindula, mwenyeji wao, ndiye aliyefungua mlango. Mtu mnene, mcheshi.

"Directrice, umekuja na baridi yote ya Buffalo? Funga mlango, hii yetu inatutosha."

"Nimewaletea kidogo tu. Ile kubwa nimeiacha nyumbani inalinda mlango."

Wakacheka. Alitundika koti kwenye msumari juu ya ngazi, akashuka, akatandaza shali yake juu ya kiti ili nafasi ijulikane ni yake. Watu sita walisimama kumsalimu kwa mikono miwili, wakamwuliza habari za afya, za kazi, za njia. Alijibu kila mtu polepole. Kwa mwaka mzima hakuna aliyemwuliza habari za njia.

Waliomba, wakakaa, wakamiminiwa chai. Rugaba akafungua mikono.

"Bon. Muko najua kilichotuleta. Koleji imetuomba tuungane nayo. Koleji, ndugu zangu. Mtoto wa Kabanda ataanza darasa la kwanza, atatoka na joho."

"Na ile kofia ya pembe nne?" Zihindula akauliza.

"Na kofia."

"Mimi nitaivaa hata kama si yangu. Nitalala nayo."

Kicheko kikazunguka meza. Nyirabeza aliacha kiishe.

"Baba Kirezi, niko naomba kuona barua yenyewe. Ile ya Kifaransa."

"Tafsiri umeipata kwa simu."

"Nimeipata. Naomba ile iliyoizaa."

Kirezi akaitafuta katika mkoba, akampa. Nyirabeza akavaa miwani. Alisoma kama alivyosoma zamani madaftari ya watoto, kidole chini ya mstari. Katikati ya ukurasa kidole kikasimama.

"Kirezi, mwanangu. Neno hili umeliandika nini?"

"Koleji, Tantine," akajibu, akimwita shangazi kwa Kifaransa. "Ni koleji."

"Ni koleji, ndiyo. Lakini ya wapi?"

Msichana hakuelewa. Nyirabeza akavua miwani, akasema kwa upole, macho yakiwa kwa binti, si kwa baba. "Huku Amerika, mtu akisema koleji, ni chuo, kile ulichosoma wewe. Kwetu koleji ni sekondari tu. Kama ile ya mapadri, yenye sare ya bluu na ubao uliopasuka. Joho hakuna. Na soma hapa chini. Madarasa ya msingi yatahamishwa mjini kuanzia Januari. Yatahamishwa. Koleji haipandi kwetu. Sisi ndio tunashuka, na Kabanda inafungwa."

Kirezi alijibu kwa Kiingereza kwamba hakujua, halafu akarudia kwa Kiswahili, neno kwa neno. "Sikujua, Tantine."

"Hujakosa. Neno lina sura mbili. Hata sisi wakubwa tulisoma, tukafurahi, tukanyamaza."

Rugaba alikuwa anatazama mikono yake. Alipoongea, sauti ya kanisani ilikuwa imeshuka.

"Nimekwisha kutangaza. Nimesimama Louisville mbele ya watu wote, nikasema tumepata koleji. Wamama wamecheza. Nirudi Jumapili niseme nini? Kwamba mtoto wangu hajui kusoma?"

"Sema komite imekosea."

"Donc wewe ni rahisi kwako. Uko Buffalo, hakuna mtu anakuuliza kitu. Mimi nikitoka mlangoni watoto wananiita Prezida wa koleji."

Hakusema kwa ubaya. Alisema tu kama ilivyo, na ndiyo maana ilimwingia. Ni kweli, hakuna mtu aliyemwuliza kitu.

Zihindula akasogeza kiti. Safari hii hakutania. "Tuseme ukweli wetu, Directrice. Mwalimu gani anakubali kupanda kule sasa? Mwaka jana paa liliungua. Mjini kuna umeme, kuna daktari, kuna askari. Labda Mungu ametumia kosa la mtoto kutupeleka tusikotaka kwenda."

Maneno hayo yalikuwa na uzito, na Nyirabeza aliyapima. Yeye mwenyewe alikuwa ameota paa lile likiungua zaidi ya mara moja. Akatoa simu, akaiweka katikati ya meza, akabonyeza.

Sauti ya Kanyana ikatoka, na nyuma yake watoto wakihesabu kwa pamoja. "Directrice, tumesikia tunashuka Januari. Ni sawa, sisi wakubwa tutatembea. Lakini niko na watoto kumi na tisa wa darasa la kwanza. Kwa mguu ni siku mbili. Nani atawabeba? Na wakifika, watalala kwa nani?"

Watoto walihesabu mpaka ishirini, ujumbe ukakatika.

"Watalala kwa ndugu," Rugaba akasema.

"Ndugu gani, Baba Kirezi? Wenye ndugu mjini walishashuka zamani. Hawa waliobaki, ndugu zao ni sisi. Tuko hapa tunakunywa chai."

Mtu mmoja alikohoa. Mwingine akasema labda koleji itajenga bweni. Mwingine akasema labda. Neno labda likazunguka meza kama sahani ya chumvi, kila mtu akachota kidogo. Nyirabeza aliwatazama mmoja mmoja, na aliona wazi kwamba wamekwisha kuamua. Hakuna hata mmoja aliyewachukia watoto wale. Lakini kila mmoja alikuwa na kanisa lake la kurudi, na ndani yake watu waliokwisha kupiga makofi.

"Usituonee," Zihindula akamwambia, karibu kwa kubembeleza. "Tunajua shule ni mtoto wako. Lakini mtoto akikua anaachishwa ziwa."

"Anaachishwa ziwa, Zihindula. Hatupwi."

Wakapiga kura. Mikono sita ilipanda. Wa saba ulikaa juu ya meza, kiganja kikiwa juu, na kama mtu angetazama vizuri angeona zambarau kidogo. Siku ile hakuwa amevaa glavu.

Kirezi akaweka barua ya kukubali mbele ya baba yake. Ikatiwa sahihi sita. Chini kulikuwa na nafasi nyeupe ya mviringo, kila mtu aliijua ni ya nini. Karatasi bila kashe, kwao ni ya kufungia karanga.

"Directrice," Rugaba akasema. "Kashe."

Nyirabeza aliitazama ile nafasi nyeupe. Alijua wanaweza kuchongesha nyingine. Lakini mwenye kutaka nyingine atapeleka kwanza karatasi ya polisi kwamba ya kwanza imepotea, na mtu aape, na ofisi za kwao zikipokea jambo la namna hiyo zinalilalia. Mwaka. Pengine na zaidi. Kwa mwaka mmoja wale kumi na tisa watakuwa wamemaliza darasa la kwanza palepale juu, na miguu yao itakuwa na mwaka mmoja zaidi.

Alijua na jambo lingine. Akikataa kuipiga, wataomba, watakasirika, na mwisho watamtoa. Atabaki Miss Beza. Jumapili usiku simu itakaa mezani bila kulia, na hilo gauni hatakuwa na sababu ya kulivaa.

Hakuna aliyemharakisha, walidhani ni machungu ya mzazi.

"Iko katika koti," akasema.

Na kweli ilikuwa katika koti, mfuko wa ndani.

"Nenda uilete, mama," Zihindula akasema, akivuta chupa ya chai. "Nakumiminia ya moto. Vijiko viwili vya sukari, au Buffalo wamekubadilisha?"

"Viwili."

Alisimama, akashika mkoba wake, akapanda ngazi. Kirezi peke yake ndiye aliyeona kwamba amechukua na mkoba. Msichana aliinamia daftari lake, akaandika kitu kirefu.

Juu, Nyirabeza alivaa koti akalifunga vifungo vyote. Alitia mkono mfukoni, kashe ilikuwepo. Chini walikuwa wanacheka tena, Zihindula alikuwa amesema kitu kuhusu ile kofia. Alifungua mlango kwa bega, taratibu, ili usipige kelele, akautoa mwili nje.

Madirisha ya chumba kile yalikuwa sawasawa na ardhi. Alipopita aliona miguu ya meza, viatu vya Rugaba vilivyopigwa rangi, na kiti chake. Ndipo akakumbuka shali. Ilikuwa pale, imetandazwa, inamshikia nafasi. Upepo uliingia shingoni. Shali ile alikuja nayo kutoka kambini.

Alisimama pale kama mtu anayesoma kitu. Halafu akapita duka la matairi, akapita sehemu ya kufulia nguo, akaelekea kituo cha basi la mjini. Simu ililia mfukoni, ikanyamaza, ikalia tena. Ilikuwa mchana, na ni miezi mingi simu yake haijalia mchana. Aliiacha ilie.

Kwenye kikombe chake kule chini chai ilitoa mvuke, halafu ikaacha kutoa.