Maharage Mbele ya Lori la Sumu

Harufu ya majani yanayooza chini ya udongo mbichi ndiyo iliyotutangazia, huku Ufipa, kwamba masika yanaelekea ukingoni. Akina mama walifyeka nyasi, wakazifukia kwa jembe hadi zikawa ntumba, matuta ya mviringo yanayofika magotini, na juu yake wakapanda maharage. Tulifundishwa mapema kwamba tuta lenye mbegu halikanyagwi, hata na mwenye shamba. Mama alisema hapo Mungu ameilaza riziki, na riziki iliyolala haikanyagwi kichwani.

Nilikuwa darasa la tatu afisa mmoja alipotuita mkutanoni. Alisema mapipa ya dawa za wadudu zilizoharibika yatafukiwa kwenye shimo lililochimbwa juu ya chemchemi yetu. Yalikuwa yamevuka bahari kutoka kwa watu wasioyataka. “Hayana madhara,” akasema. Shangazi yangu Felista, mjane na mwimbaji wa kwaya, akasimama. “Kama hayana madhara, mwanangu, mbona hawakuyafukia kwao?” Watu wakacheka. Afisa hakucheka, alisema lori litafika Jumatatu.

Jumamosi kijiji kizima tulikwenda kwenye njia iendayo kwenye lile shimo. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili korongo, hakuna pa kuchepukia. Tukalima ntumba njia nzima, watoto tukidondosha maharage, kisha tukanywa togwa. Jumatatu lori likaja, na dereva akazima injini.

“Pita! Udongo tu huo,” afisa akafoka.

“Bosi, mimi Mfipa wa Matai. Humo mna mbegu.”

“Yaani unaogopa maharage?”

“Namwogopa mama yangu. Kanyaga wewe, bosi, viatu unavyo.”

Afisa alitazama viatu vyake, kisha akatutazama sisi. Hakushuka. Lori likarudi kinyumenyume, nasi tukaimba hadi sauti zikakauka. Jumapili tulitoa misa ya shukrani.

Baadaye tukasikia mapipa yale yalikotupwa: chini, bonde la Rukwa, kando ya kijito walichonyweshea mifugo yao wafugaji waliohamia kutoka kaskazini. Hao hawakuitwa mkutano wowote. Ng'ombe walikufa kwanza. Shangazi Felista aliacha kwaya kwa miezi kadhaa. “Mkuki kwa nguruwe,” alisema, na hakumalizia.

Leo mimi ni mzee, na kila asubuhi namshukuru Mungu kwa maji ya chemchemi ile. Lakini shukrani yangu ina uchungu ndani yake, na sioni haya kusema hivyo. Walioleta sumu ile mlangoni petu hawakuwahi kuulizwa, na wenzao wa leo wanakuja na karatasi za kung'aa na maneno laini, wakitafuta tena mahali pa kuzika uchafu wa wakubwa. Walipokuja kwenye kata yetu juzi, wote tulinyoosha mikono kukataa. “Imekwisha,” akasema mwenyekiti. Mimi nikabaki nimesimama. Zamani tulijua kuzuia, hatukujua kuuliza.

“Haijaisha, mwenyekiti. Wakitoka hapa wanaupeleka wapi uchafu huo?”

“Bibi, hilo si letu,” akasema kijana mmoja wa bodaboda, na wenzake wakaguna kumuunga mkono.

Nikachukua mkongojo wangu. Nikamwambia awashe pikipiki, anipeleke bondeni, akawaambie wafugaji wa huko hivyo yeye mwenyewe.