Breki Niliyoivuta

Baba mkwe wangu aliniazima pikapu yake, ambayo ndiyo riziki yake tangu astaafu, niisafirishe pikipiki yangu ya magurudumu manne hadi Msanzi, ninakochanja ng'ombe. Alinipa funguo, nikaiegesha kwenye mteremko wa Milanzi.

Nilikuwa naegemeza mbao za kupandia alipouliza, "Mama, umevuta breki ya mkono?"

"Nimevuta, baba," nilijibu kwa maringo.

Nikawasha pikipiki, nikapanda. Magurudumu ya mbele yalipogusa bodi, pikapu ikaanza kuondoka. Mbao zikaanguka, nami nikabwagwa chini pamoja na pikipiki. Pikapu ikateremka peke yake mpaka ikagonga ukuta wa jirani, ikabondeka vibaya.

Mzee alikaa chini kwenye nyasi.

"Mama, ulivuta breki ipi?"

Nilishindwa kumtazama.

"Ya pikipiki, baba."