Siri ya Somoe Niliyoisimulia kwa Sauti Yangu

Nimekosa. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kulizunguka. Nimemharibia maisha mtu ambaye hajawahi kunitendea baya hata moja, na nimemharibia nikiwa kitandani, mguu kwenye plasta, simu mkononi.

Jina langu msiniulize. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Masasi, nimepanga Mkomaindo. Na mume tuliachana zamani, na binti yangu wa pekee anasoma bweni. Mwaka jana, masika yakiwa yamepamba moto, pikipiki niliyopanda iliteleza kwenye tope ikanilalia. Mfupa ukavunjika chini ya goti. Ukafungwa, ukaunga vibaya, ukafungwa upya. Miezi mitano ndani!

Shangazi yangu alikuja kutoka Lupaso kuniuguza. Lakini mikorosho ilipofika wakati wa kupuliziwa dawa, akarudi kwake. Mimi nilikuwa nimeshajua kujikokota na magongo mpaka jikoni na chooni. Nikabaki peke yangu.

Jamani, upweke! Nilikuwa nasikia kengele ya shule kutoka chumbani. Najua sasa ni hesabu, sasa ni mapumziko, sasa watoto wanakimbilia bombani. Wiki za mwanzo watu walikuja na matunda na pole zao. Baadaye wakaacha. Siwalaumu, kila mtu ana shughuli zake. Lakini kuna siku jua lilizama sijafungua mdomo kusema neno hata moja.

Siku moja akaja mwalimu mwenzangu wa Kiingereza. Akanikuta natazama ukuta.

"Utachanganyikiwa wewe," akaniambia. "Lete simu yako."

Akaniwekea maktaba. Ndiyo, maktaba, humohumo kwenye simu! Unajiandikisha, unaazima kitabu, unasoma. Vingine vinasomwa kwa sauti, wewe unasikiliza tu. Kuna na magazeti, kuna na filamu za zamani.

"Bure kweli?" nikamuuliza.

"Bure. Unatumia bando lako tu kukishusha. Siku zako zikiisha kinajirudisha chenyewe, anapewa anayefuata kwenye foleni."

Nawaambia, nilisahau mguu. Nilisoma asubuhi, nikasoma nikila, nikasikiliza nikifua nguo zangu kwenye beseni nimekaa kwenye kigoda. Nilikuwa na watu ndani ya nyumba. Laiti ningeishia hapo!

Tuna kundi letu la wasapu, wanawake tuliosoma sekondari pamoja. Mwanzoni walikuwa wakiniuliza, "Mgonjwa unaendeleaje?" Kisha siku zikapita hakuna anayeuliza. Nikaona niwachangamshe. Nikabonyeza kitufe cha sauti nikawasimulia hadithi niliyoisoma kwenye maktaba, ya Kizungu, ya mwanamke anayemngoja mumewe kwenye nchi ya baridi. Theluji nikaigeuza ukungu wa Newala. Treni nikaigeuza basi la kutoka Mtwara. Huyo mama wa Kizungu nikamwita Zainabu.

Wakaipenda! Mmoja akaandika, "Wee, hii umeitoa wapi?"

Ningejibu tu, nimeisoma maktaba, na ninyi jiungeni, ni bure. Badala yake nikaandika, "Nimetunga mwenyewe."

Kuanzia hapo kila jioni wanangoja hadithi yangu. "Mwalimu una kipaji!" "Mwalimu uko wapi leo?" Mimi niliyekuwa siulizwi hali, sasa natafutwa. Nikaazima kingine, nikageuza majina, nikasimulia. Na kingine tena. Kila mara najiambia hii ndiyo ya mwisho.

Kati yao alikuwemo Somoe. Si jina lake, nimempa mimi. Tulikaa dawati moja miaka minne. Yeye yuko Newala, na mumewe alipooza upande mmoja, kwa hiyo na yeye alikuwa mtu wa ndani kama mimi. Akaanza kunipigia mchana mume wake akilala. Tunaongea mpaka chaji inaisha. Nilikuwa naamka naingojea simu ile. Katika miezi yote mitano hakuna mtu aliyekaa na mimi kama Somoe, na alikuwa hata hayupo chumbani.

Mchana mmoja akapiga, sauti imekauka.

"Mwenzangu, hadithi ya jana, ya yule mama aliyempa mwingine amlelee mtoto wake. Ulijuaje?"

"Nilijuaje nini?"

Akalia. Akaniambia kitu ambacho hajawahi kumwambia mtu. Mnakumbuka nilisema tulisoma wote? Kuna muhula alikosa shule, sisi tukaambiwa ana ugonjwa wa ini. Kumbe alikuwa na mimba. Dada yake mkubwa alikuwa ameolewa na hajapata mtoto, basi wakapanga wao wawili na mama yao. Yule dada akawa anajifunga nguo tumboni, kila mwezi anaongeza. Mtoto alipozaliwa akawa wa dada. Somoe akarudi darasani, akakaa pembeni yangu, maziwa yanamtoka, anasema ni jasho.

Mtoto huyo sasa ni mwanamke mzima. Anamwita Somoe mama mdogo. Ana kovu dogo shavuni, mafuta ya ganda la korosho yalimrukia akiwa anatambaa siku wakibangua, na siku ile Somoe alikuwepo akashindwa kupiga kelele kama mama.

"Anaolewa wiki mbili zijazo," akaniambia. "Nitakaa kwenye jamvi na akina mama wadogo wenzangu nimpigie vigelegele. Inanitosha. Nilitaka tu mtu mmoja ajue."

"Nimekusikia, ndugu yangu," nikamwambia. "Haitoki hapa."

Haitoki hapa! Nilisema hivyo kwa kinywa changu.

Siku nne baadaye, nilikuwa nasimulia hadithi ndefu ya vipande vipande. Nimefika katikati, nafungua simu nisome kinachofuata, kitabu hakipo. Siku zimeisha, kimejirudisha, na kwenye foleni kuna watu kibao mbele yangu. Huku kundini wanapiga kelele, "Mwalimu, mwendelezo!" Nikawaambia ile nimeiweka kando, leo nina mpya, nimeitunga asubuhi hii.

Nikawasimulia ya Somoe.

Nilibadilisha jina. Newala nikaifanya Lupaso. Nilijidanganya kwamba Somoe mwenyewe akiisikia atafarijika. Lakini zile nguo za tumboni niliziacha humohumo. Lile kovu la korosho nililiacha kama lilivyo! Nililiacha kwa sababu lilikuwa zuri, jamani. Hakuna kitabu chochote nilichoazima kilichokuwa na kitu kama kile.

Kundi likawaka. Wengine walisema wanalia. Hakuna hadithi yangu iliyowahi kupokelewa hivyo.

Simu ikaita. Somoe. Sikupokea. Ikaita tena, nikaitazama mpaka ikakatika. Akapiga mara sita. Nilijua kabisa anataka nini: sauti ile ilikuwa haijafika mbali, ningeweza kuifuta kwa wote, ingekuwa imekwisha. Lakini sifa zilikuwa zinamiminika na nilikuwa nataka kuzisoma kwanza. Nikaigeuza simu kifudifudi juu ya godoro nikajiambia nitampigia baadaye.

Baadaye ile ndiyo iliyomharibia.

Mmoja wa wenzetu kundini anaishi mtaa mmoja na dada yake Somoe. Kovu lile analijua, analiona kila siku wakikutana dukani. Akaituma sauti kwa mtu, na mtu akaituma kwa mtu, na kabla ya usiku wa manane bibi harusi mwenyewe alikuwa anaisikiliza. Sauti yangu. Mimi ndiye niliyemwambia mtoto wa watu mama yake ni nani, kwa mbwembwe, na pale pa kulia nikiwa nimepunguza sauti kusudi wasikilizaji wasikie uchungu.

Asubuhi Somoe akapiga. Nikapokea.

"Nilikupigia uifute," akasema.

"Somoe, nisamehe, mimi..."

"Mara sita."

"Sikudhani..."

"Dada kaniambia nisikanyage kwake. Anasema nimeuza siri nimnyang'anye mtoto siku ya harusi. Mtoto kajifungia ndani, hataki kuniona mimi wala yeye." Akavuta pumzi. Nikamsikia mumewe kwa mbali akiita kitu kisichoeleweka. "Ngoja nimgeuze mgonjwa," akasema, akakata. Hakupiga tena.

Harusi ilifungwa. Somoe hakuwepo. Yule mwanamke alikuwa na mama wawili, siku yake ikapita na mmoja aliyevimba macho na mwingine aliyekatazwa kuja.

Nilifuta sauti zote, ambayo ilikuwa kazi bure. Nikawaandikia kundini kwamba hadithi zote za mwanzo si zangu, ni za vitabu vya maktaba, na ile ya mwisho nayo si yangu. Waliosoma walikuwa wengi, nikaona alama. Hakuna aliyejibu. Siku iliyofuata mmoja akatuma tangazo la vitenge, maisha yakaendelea.

Plasta ilipotolewa nilipanda gari mpaka Newala na gongo langu moja. Kulikuwa na baridi na ukungu. Nikapiga hodi. Somoe akafungua, akanitazama mguu kwanza.

"Karibu," akasema. "Pole kwa safari."

Akanipa kiti, akaniletea maji. Mumewe alikuwa amekaa kwenye mkeka ameegeshwa mito, nikamwamkia, "Shikamoo shemeji," akaitikia kwa mkono mmoja. Mimi nikaanza kulia. Somoe hakulia. Alikuwa anachambua kisamvu kwenye ungo, na akaendelea kuchambua.

"Zile za kwanza," akasema, "ya Zainabu, na zile nyingine. Zilikuwa zako?"

"Hapana. Za vitabu."

Akatikisa kichwa polepole.

"Kwa hiyo za watu ulisema zako. Yangu mimi, ya kweli, ukasema umeitunga."

Nikakaa mpaka maji yakaisha kwenye glasi, nikasimama, akanisindikiza mpaka barazani kama anavyosindikizwa mgeni yeyote. Hakuniambia nirudi, hakuniambia nisirudi.

Je, binti yake aliwahi kuja kumwona? Anamwitaje sasa? Sijui. Wa kunieleza ni Somoe, na mimi si mtu wa kuelezwa tena.

Nimesharudi kazini. Wenzangu wananisalimia vizuri, watoto wananipokea vitabu mlangoni. Ila mchana, saa zile alizokuwa akipiga, najikuta nimeishika simu, na hakuna mtu duniani anayetaka kuniambia chochote.

Ninyi mliofungiwa ndani na ugonjwa, au mnaouguza, nawaomba: maktaba hizo zipo, ingieni, someni mpaka macho yaume, ni haki yenu na hakuna anayewadai. Mkimsimulia mtu, semeni mmesoma wapi. Haipunguzi kitu! Lakini mtu akikupigia mchana akakulilia, huyo hajakuazimisha kitabu. Msikilize, mwambie pole, na akikata simu, wewe nyamaza. Na kama umeshafungua mdomo, akapiga, pokea. Nawasihi, pokea mara ya kwanza.