Upara wa Mkombozi

Juu ya kioo kinyozi ametundika picha ya mkombozi wa nchi, na kila anayekaa chini yake huondoka na upara wa mzee yule, nywele zimebaki pembeni tu. Hunyoa bure. "Wengine hujenga shule," husema akipuliza mashine, "mimi mchango wangu kwa taifa ndio huu." Juzi bwana harusi alisinzia kitini, akazinduka akipapasa utosi mtupu.

"Fundi, umeniua. Mama mkwe mwenyewe kanikubali shingo upande."

"Tulia, shemeji. Kichwa hicho ndicho kilichotukomboa."

Mara mama mkwe akaingia kumharakisha. Akakitazama kichwa, akaitazama picha, akashusha pumzi.

"Sasa huyu," akasema, "ni mtu wa kuozeshwa."

Bwana harusi akajirudisha kitini taratibu.

"Fundi, hapa mbele umebakiza kidogo."