Gauni la Kukatia la Shangazi

Wifi yangu ni fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, na mwaka huu ulimi huo haujapumzika. Kwanza alikatwa titi kwa saratani, naye bado kijana. Kisha watafiti wanaochunguza kwa nini saratani hiyo inawaua wanawake weusi wakiwa na umri mdogo wakamtoa damu, wakapima vinasaba vyake, wakamwita.

"Tumeona badiliko kwenye kinasaba kimoja," daktari akasema. "Ila hatujui kama lina madhara. Waliopimwa wengi ni wazungu. Watu wa asili yako tunao wachache mno."

"Yaani mmenichoma sindano ili mje kuniambia hamjui?"

Daktari akakiri, maskini. Akasema ingesaidia akipatikana ndugu wa damu aliyewahi kuugua hivyohivyo, naye apimwe. Bila huyo, binti wa wifi, ambaye ndiyo kwanza anamaliza shule, angebaki bila kujua kama naye amerithi balaa.

Wifi akauzunguka ukoo mzima. Baba wadogo, binamu, wote wimbo mmoja: kwetu hakuna ugonjwa huo, umeutoa kwa mama yako. Mama mwenyewe ni marehemu, hana wa kumtetea! Na aliyeimba kwa sauti kuliko wote ni shangazi. Mimi nilichoka nao mpaka basi.

Jumamosi shangazi huyohuyo akaja kibandani kwa wifi na kitambaa kipya, pamoja na gauni lake la zamani la kukatia, la kuchukulia vipimo. Ndiyo kawaida yake; hajawahi kukubali kuzungushiwa tepu, nasi tulidhani ni maringo. Wifi akaligeuza gauni ndani nje aone mishono. Upande wa kushoto, kifuani, palikuwa na kimfuko kilichojazwa pamba. Kama kile alichojishonea wifi mwenyewe baada ya kukatwa titi.

Akaliweka gauni mezani.

"Shangazi, lini?"

Shangazi akatazama mlango kwanza. "Ulikuwa hujaanza hata shule."

"Na mimi ninavyohangaika kote huku, umenyamaza tu!"

"Watu wangejua nyumba yetu ina ugonjwa, nani angekuja kuposa? Nilificha ili muolewe."

"Tumeolewa, shangazi," wifi akasema. "Sasa tunakufa."

Cherehani za jirani ziliendelea kunguruma. Shangazi akachukua mkoba wake.

"Nipelekeni kwa huyo daktari," akasema, na safari hii hakutazama mlango.