Sweta la Mahabusu

Nimekaa kwenye mabenchi ya mahakama za miji mingi, kwa lugha nyingi, na kila mahali nimemkuta mama kama huyu ambaye nimepanga chumba nyuma ya duka lake la ushonaji. Mwanawe, ambaye mtaa mzima ulimwita Kijiko kwa wembamba wake, alikuwa fundi pikipiki. Mteja alimwachia pikipiki atengeneze breki, kumbe ilikuwa ya wizi. Mteja akayeyuka, Kijiko akawekwa mahabusu.

Mwanzoni mama alifunga duka na kuja kila tarehe akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi, la mwanawe kurudia nyumbani. Hakujua kuwa siku ya kutajwa hakisikilizwi kitu: jalada linafunguliwa, mwendesha mashitaka anasema upelelezi haujakamilika, hakimu anapanga tarehe nyingine. Ushahidi husubiri siku ya kusikilizwa, na siku hiyo haikufika. Dhamana iliombwa, ikakataliwa. Shati likaacha kuja. Badala yake alileta sweta, kwa sababu Kijiko alisema sakafu ya kule ina baridi.

"Mimi nikifa," mama mmoja alitutania pale benchi, "msiseme nimezikwa. Semeni nimeahirishwa."

Watu walicheka. Mama yake Kijiko, tuliyemwita mama fundi, aliendelea kung'oa uzi uliolegea kwenye mkono wa sweta.

Asubuhi hiyo alikuja na mdogo wake, mwanamke wa sauti kubwa ambaye hakuwahi kuingia mahakamani. Kijiko akapandishwa kizimbani. Mwendesha mashitaka akasimama.

"Mheshimiwa, tunaomba kuondoa mashitaka."

"Ombi limekubaliwa," hakimu akasema bila kuinua macho. "Mshitakiwa, unaweza kwenda."

Mama mdogo akaruka. Kigelegele chake kilimfanya askari wa mlangoni ageuke.

"Keti," mama fundi akamwambia.

"Nikae nini, dada? Mtoto katoka!"

"Wameondoa mashitaka. Hawajasema hana hatia. Wanaweza kumshitaki upya, kwa pikipiki ileile."

"We dada nawe, hata furaha unaipiga pasi kwanza! Twende tukamkumbatie."

Mama fundi aliinuka, akajipangusa nyuzi mapajani, akachukua mfuko wake. Hakuharakisha.

Kijiko alikuwa amefika kwenye ngazi, anacheka, mikono imetanuliwa. Wanaume wawili waliovaa kiraia wakamshika kila mmoja upande wake, taratibu, kama wanamsaidia kushuka.

"Twende kituoni kidogo, bwana mdogo."

"Si nimeachiwa? Mama! Si hakimu kasema niende?"

"Kasema," mama akajibu. Akampa sweta. "Vaa kabisa. Wasije wakakunyang'anya mlangoni."

Alivaa. Mama alimweka sawa kola, kama mteja anayejaribu nguo, kisha akasogea pembeni wapite. Mdogo wake alikuwa amekaa kwenye ngazi, analia kwa sauti. Mama fundi alimpita, akarudi ndani hadi dirisha la karani.

"Mwanangu anatajwa lini?"

Karani alimtazama. "Mama, si wamemkamata sasa hivi tu? Shauri jipya hata halijafunguliwa. Nenda nyumbani."

"Haya."

Akaketi kwenye benchi, pale pale pake, mfuko mtupu mapajani. Nikamuuliza kama nimpeleke dukani.

"Tangulia tu, mwanangu," akasema. "Huku nimeshazoea."