Mabawa Yaliyokunjamana Nyuma ya Tanuri

Saa tatu asubuhi, tanuri la mikate linaanza kupoa na wafanyakazi wanapangusa meza. Mwanamume wa miaka hamsini na sita amelala kifudifudi sakafuni, shavu limegusa vigae, mkono mmoja umezama hadi begani katika mwanya ulio kati ya tanuri na ukuta. Ana tochi mdomoni. Viatu amevivua mlangoni bila kuambiwa na mtu, na miguu yake iliyovaa soksi za kijivu inachezacheza kama ya mtu anayeogelea.

“Nimempata,” anasema, na neno linatoka limepondeka kwa sababu ya tochi.

Anatoka na kipande cha karatasi ngumu chenye gundi, ukubwa wa kiganja. Juu yake wamenasa mende watano wadogo wa rangi ya kahawia. Mtu mwingine angegeuza uso. Yeye anaketi juu ya gunia tupu, anatoa lenzi ya kukuzia, anaipangusa kwa upindo wa shati, kisha anamwinamia mende mmoja mmoja kama fundi wa saa.

“Mama, njoo umwone bibi harusi huyu,” anamwita mwenye bekari. “Shela limemkunjamana.”

Mama anakuja akijifuta unga mikononi. Anainama, anatazama kwa jicho moja. Mende yuko mzima, miguu inatetemeka kwenye gundi, ila mabawa yake hayakulala mgongoni kama ya mende wa kawaida. Yamejikunja kwa pembeni, mithili ya karatasi iliyolowa kisha ikakaushwa juani.

“Si yuko hai bado?”

“Yuko hai. Lakini ukoo wake unaishia hapa.”

Mama ananyanyua macho na kutazama ukutani, juu ya mizani, mahali palipobandikwa barua ya bibi afya. Barua inampa siku tisini za kuondoa mende. Zikiisha na mende wapo, bekari itafungwa. Leo ni siku ya themanini na nne. Watu tisa wanakula kwa tanuri hili, akiwemo yeye, mjane aliyelirithi kwa mama mkwe wake.

“Nataka niwaone wamekufa,” anasema kwa sauti ya chini. “Mimi ukoo wao sikuuliza.”

Mwanamume anacheka polepole na kuandika katika daftari lake: watano, wote mabawa mabovu.

Mtaani fundi huyu wa kuua wadudu wanamwita Ngojangoja. Jina alipewa na wateja kwa sababu kila wanapomuuliza mende watakwisha lini, jibu lake ni “ngoja.” Kila mtu anajua kuwa ngojangoja huumiza matumbo, na wateja humkumbusha hivyo kila anapopita.

“Ni kweli,” anasema. “Ila mimi tumbo ninaloliumiza ni la mende. Hapo ndipo yanapokaa mayai.”

Kwa miaka kumi na tisa hakuwa mtu wa kungoja. Alibeba bomba la kupulizia mgongoni na sumu kali ndani yake, akaingia jikoni, stoo na vyumbani mwa watu. Asubuhi mende walizolewa kwa koleo, mteja akafurahi, akalipa. Baada ya miezi miwili mteja yuleyule alimwita tena.

“Nilidhani hiyo ndiyo biashara nzuri. Mteja anarudi. Sikujiuliza kwa nini mende nao wanarudi.”

Kilichomgeuza kilianzia nyumbani, na mpaka leo hukisimulia akitazama chini. Binti yake wa mwisho alikuwa anatambaa. Jioni moja baba aliporudi kazini aliviacha viatu karibu na kitanda, na mtoto akatia mdomoni ngozi ya kimoja. Alitapika siku mbili. Alipona, na sasa anasomea uuguzi, lakini tangu jioni ile mke wake aliweka sheria: viatu vibaki nje.

“Sheria ilikuwa ya nyumba yetu tu,” anasema. “Mimi nikaitumia kila nyumba. Siwezi tena kuingia kwa mtu na viatu.”

Miaka ikapita kabla hajapata njia nyingine. Mke wake, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyeiona kwanza. Macho ya mume yalikuwa yamechoka kwa mvuke wa dawa, hivyo mke alimsomea maandishi madogo ya kwenye vibandiko vya chupa. Siku moja alifika kwenye dawa mpya, akasoma mstari mmoja, akarudia, kisha akavua miwani.

“Baba Watoto, hii haiui,” alisema. “Inamdanganya.”

Walikaa mezani hadi chai ikapoa. Katika mwili wa mdudu, mke akasoma, kuna homoni inayouambia mwili ubaki mtoto. Mdudu anapokuwa tayari kukomaa, homoni hiyo hupungua, anajivua ganda mara ya mwisho, na anatoka mkubwa mwenye mabawa na uwezo wa kuzaa. Dawa ile inaiga homoni. Mwili unapotaka kukua, dawa inauambia: bado u mtoto.

“Sasa anakuwa hayuko huku wala kule,” anaeleza Ngojangoja, macho yakimng’aa kana kwamba amesomewa jana. “Ganda anavua, lakini mabawa yanatoka yamekunjamana na kizazi kimefungwa. Anakula, anatembea, anachumbia. Mtoto hapati. Ukiona bawa limekunjamana, ujue dawa imefika. Bawa ndilo barua yake kwangu.”

Mende aliyekwisha kukomaa haguswi na uongo huo, kwa kuwa utoto wake ulikwisha pita. Kwa huyo, fundi huweka chambo cha sumu, tone dogo kama punje ya mtama, ndani ya nyufa. Anavaa glavu, hapulizi juu ya meza za unga, na hamwagi mabaki mtaroni. Kamba na kaa huko majini nao hujivua maganda, anasema, na hataki kuwadanganya wasiohusika.

Shida ni kwamba mteja anataka maiti. Alipoacha bomba la mgongoni alikuwa na wateja thelathini na mmoja. Mwaka uliofuata walibaki tisa. Miezi minne mfululizo nyumba ilikwenda kwa mshahara wa mke peke yake. Mama wa bekari ni mmoja wa wale tisa, na ndiye pekee aliyempa kazi yenye barua ya serikali ukutani.

Na hapo ndipo Kamanda alipoingia.

Kamanda ni mwoka mikate mkuu, mtu mpana mwenye nyusi zilizoungua, aliyelisimamia tanuri hili miaka ishirini na miwili. Katika mitego kumi na miwili ya gundi, wiki ya kwanza walinasa mende mia mbili na kumi na wawili. Wiki ya nne wakawa mia moja na arobaini. Kwa Ngojangoja huo ulikuwa mwendo mzuri. Kwa Kamanda ilikuwa aibu, maana mmoja alipita juu ya mkate wa mteja.

Siku ya thelathini na moja alinunua makopo matatu ya dawa ya kupuliza kwa pesa yake mwenyewe na kuyamaliza yote nyuma ya tanuri. Asubuhi alimpokea fundi mlangoni na sinia la kuokea. Juu yake alikuwa amepanga mende themanini na wanane kwa safu, kama mikate midogo.

“Haya, Ngojangoja,” alisema. “Wewe mwezi mzima. Mimi usiku mmoja.”

Fundi alivua viatu, akachukua sinia, akaketi na lenzi yake. Waokaji walizunguka wakingoja kumwona anavyoumbuka. Aliwageuza mende mmoja mmoja. Karibu nusu saa ikapita.

“Kamanda, ndugu yangu,” alisema mwishowe, “sabini na mmoja hapa mabawa yamekunjamana. Umewaua tasa. Hawa walikuwa wanangoja kufa kwa uzee.”

“Na wenye mabawa mazuri?”

“Wamekimbia. Na chambo changu umekipulizia, hakuna mende atakayekigusa tena. Kwao kinanuka kifo.”

“Wamekimbilia wapi?”

Jibu lilikuja lenyewe baada ya siku mbili, limeshika kiatu mkononi. Alikuwa fundi cherehani wa mlango wa pili, mama mfupi mwenye utepe wa kupimia shingoni.

“Jirani,” alimwambia mwenye bekari, “mimi nashona nguo za watu. Jana mteja amevaa gauni kujipima, mende akatoka kwenye kola. Hao ni wenu. Wananuka mkate.”

Jioni ile Mama alimweka Ngojangoja kando, karibu na barua ya bibi afya. Alimwambia hana ugomvi naye, ila siku zinakwenda, na mtu wa bomba la mgongoni amekwisha kumpigia simu.

Ngojangoja anasema hakulala vizuri. Wiki ya tano mitego ilinasa thelathini na mmoja tu, na bekari nzima ikamsifu Kamanda. Wiki ya saba wakarudi mia moja na kumi na wanane, wengi wao watoto, waliotoka upande wa pili wa ukuta. Sifa zikaisha.

“Hapo ndipo nilipoona kosa langu,” anasema. “Kamanda alikosea, ndiyo. Lakini mimi nilikuwa nimetibu chumba. Mende hajui chumba. Anajua ukuta.”

Akaenda kwa fundi cherehani, akavua viatu mlangoni, akaomba kuweka dawa bure. Alisugua sehemu zilizopuliziwa, akaweka chambo kipya pande zote mbili za ukuta. Msaidizi wake, ambaye hakumtarajia, alikuwa Kamanda. Alikuja na ndoo ya maji ya sabuni, akapiga magoti nyuma ya tanuri lake.

“Nisamehe, kaka,” alisema huku akisugua. “Mimi kazi yangu ni moto. Moto haungoji.”

“Mkate je? Unga ukichelewa kuumuka, unaufokea?”

Kamanda alifikiri. “Unaufunika,” alisema. “Halafu unangoja.”

Siku ya tisini inafika na mvua nyepesi. Bibi afya ni mwanamke mrefu asiyetabasamu kazini. Anafungua makabati, anapitisha kidole chini ya meza, anamulika nyuma ya tanuri. Kinyesi cha mende hakuna. Kisha anaomba mitego.

Kumi na wawili katika mitego yote. Mama anashika ukingo wa meza.

“Barua yangu ilisema kuondoa,” bibi afya anasema. “Hawa ni nini?”

Ngojangoja anamkabidhi daftari na lenzi. Bibi afya anasoma tarakimu wiki baada ya wiki, pamoja na ule mlima wa wiki ya saba. Anauliza kulitokea nini. Fundi anasita, na kabla hajapata maneno ya kumsitiri mtu, Kamanda ananyoosha mkono.

“Ni mimi, mama. Nilipulizia.”

Bibi afya anamtazama, kisha anaweka lenzi jichoni. Anatazama mende wa kwanza, wa pili, wa tatu. Bibi afya ameinama zaidi.

“Wote wako hivi?” anauliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake si ya ofisini.

“Wakubwa wote, mama.”

“Si wote,” anasema Kamanda. Amechukua mtego wa mwisho, ule wa upande wa mtaro ulio nyuma ya jengo, na anautazama kwa miwani yake. “Huyu mabawa yamenyooka.”

Mama anamtazama Kamanda kwa macho ya kumuua. Ngojangoja anauchukua mtego, anautazama, anatikisa kichwa.

“Ni kweli. Mmoja. Jike, na mfuko wa mayai ameubeba. Huyu hakukulia hapa. Ametoka mbali na dawa yangu.”

Bibi afya anafunga daftari. Anaandika akiwa amesimama. Hatoi cheti cha mwaka. Anatoa cha miezi mitatu, kwa sharti nyufa zote za ukuta wa mtaro zizibwe na fundi aendelee kuhesabu. Mama anasoma karatasi mara mbili, kisha anakaa juu ya gunia la unga na kuanza kucheka kwa machozi. Kamanda analipasha moto tanuri, ingawa bado si saa yake.

Jengo lina milango sita na ukuta mmoja wa nyuma. Mpango wa Ngojangoja ni kuwapata wenye milango yote sita waweke dawa siku moja, na wahesabu mabawa pamoja. Anajua ugumu wake.

“Miaka yote hii sijawahi kukutana na mtu mwenye mende,” anasema. “Kila nikiuliza, mende ni wa jirani.”

Mvua imekatika. Anatoka na mtego mkononi, Kamanda nyuma yake amebeba lenzi kwa vidole viwili kama yai. Wanapita kwa fundi cherehani, anayewapungia sindano, na kusimama mlango wa tatu. Fundi viatu anainua kichwa kutoka kwenye soli anayoishona.

“Hodi. Una mende hapa, kaka?”

“Mende? Kwangu hakuna. Labda hao wa fundi cherehani.”

Ngojangoja anaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Kisha anainama na kuanza kuvua viatu.